Dau la kweli na mkwara baada ya flopu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayejua tayari sheria za poka ya Texas Hold'em: karata mbili mkononi, tatu za flopu, ya nne, ya mwisho. Hatutaeleza jozi inapigwa na nini. Maswali yote yanazunguka jambo moja: ukiweka dau baada ya flopu, ni mara ngapi uwe na mkono wa kweli, na mara ngapi uwe unachimba mkwara tu, yaani unaweka dau bila kitu ili mpinzani atupe karata?

Renji ni nini, na kwa nini nisifikirie karata zangu mbili tu?

Kwa sababu mpinzani wako hazioni. Anachoona ni dau, na nyuma ya dau hilo kuna mikono yote ambayo ungeweza kuwa nayo kwa jinsi ulivyocheza tangu mwanzo. Jumla ya mikono hiyo ndiyo renji. Ukipandisha ukiwa kwenye batani (kiti kinachocheza mwisho baada ya flopu), kisha ukaweka dau kwenye flopu, karata ya nne na ya mwisho, yeye hapambani na QJ yako (A ni ree, K mfalme, Q malkia, J jeki, T kumi). Anapambana na KK, AK, 44 na QJ kwa pamoja, na yote hayo anayajibu kwa uamuzi mmoja.

Ndiyo maana swali la "nichimbe mkwara hapa?" halina jibu likiulizwa peke yake. Linapata jibu ukiuliza hivi: kati ya mikono yote ninayofika nayo hapa, ipi inaweka dau kwa kuwa ni mizuri, ipi inaweka dau kwa kuwa haina njia nyingine ya kuchukua poti, na ipi inapitisha?

Uwiano wenyewe unapatikanaje kwa hesabu?

Anza na karata ya mwisho, maana hapo hakuna tena kitakachobadilika. Poti ina chipu 100, nawe unaweka 100. Mpinzani akifuata anahatarisha 100 ili apate 200: 100 za poti na 100 zako. Ukiwa na mkwara mara moja katika kila tatu, atapoteza 100 mara mbili na kupata 200 mara moja. Jumla yake ni sifuri. Akifuata, sawa, akitupa, sawa. Hana pa kukushikia.

Ukipunguza mikwara chini ya hapo, jibu lake sahihi ni kutupa kila mkono wa kubahatisha, na mikono yako mizuri inakosa wa kuilipa. Ukizidisha, jibu lake ni kufuata kila mara.

Fomula ni fupi: chukua dau, ligawanye kwa jumla ya poti na dau mara mbili. Hiyo ndiyo sehemu ya renji yako ya dau inayoweza kuwa mikwara kwenye karata ya mwisho.

- Dau la theluthi ya poti: asilimia 20
- Nusu poti: asilimia 25
- Robo tatu ya poti: asilimia 30
- Poti nzima: asilimia 33
- Mara mbili ya poti: asilimia 40

Soma orodha hiyo kuanzia juu hadi chini. Wachezaji wengi hudhani dau kubwa ni la mikono mikubwa tu na mkwara ni wa dau dogo "ili nisipoteze nyingi". Hesabu inasema kinyume. Dau likiwa kubwa, anayefuata anapewa bei mbaya zaidi, kwa hiyo unaruhusiwa mikwara mingi zaidi. Na mtu ambaye dau lake kubwa huwa ni mkono mkubwa siku zote anasomeka kama gazeti.

Nionyeshe kwa mkono halisi.

Umepandisha kutoka batani, blaindi kubwa (aliyeweka dau kubwa la lazima kabla ya karata) amefuata. Flopu ni K♠ 9♠ 4♦. Karata ya nne 2♣, ya mwisho 7♥. Umeweka dau mara mbili, yeye amefuata mara mbili, na sasa unataka kuweka poti nzima.

Ubao huu hauna mfuatano wowote uliokamilika wala flashi, kwa hiyo kuhesabu ni rahisi. Tuseme mikono yako ya kweli ni hii: KK iko mara 3 (kuna njia 3 za kuishika), 99 mara 3, 44 mara 3, K9 ya alama moja mara 3, na AK mara 12 (wafalme watatu waliobaki mara ree nne). Jumla 24. Kwa dau la poti nzima unahitaji mikwara 12, siyo 30 wala 4.

Itoke wapi? Mikono iliyokuwa ikitafuta kitu ikakikosa ni mingi: QJ, QT na JT zilizotaka mfuatano, na kila aina ya shupaza (♠) mbili zilizotaka flashi. Ukichimba mkwara na zote umevuka mpaka mbali sana. Ndipo linapokuja swali linalofuata, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye pesa kuliko yote humu.

Nichague mikwara gani na niache ipi?

Angalia karata zako mbili zinamnyima mpinzani nini. Unataka zimnyime mikono ambayo angefuatia, na zimwachie mikono ambayo angetupa.

Ukishika QJ bila shupaza, malkia wako mmoja anapunguza KQ zake kutoka 12 hadi 9, na jeki wako anapunguza KJ kutoka 12 hadi 9. Mikono 24 ambayo ingekufuata imebaki 18. Wakati huohuo hujagusa shupaza hata moja, na shupaza zilizokosa flashi ndizo anazozitupa.

Linganisha na 6♠5♠. KQ na KJ zote 24 bado anaweza kuwa nazo, na kila mkono wake wa shupaza wenye 6 au 5 umeufuta wewe mwenyewe. Yaani umepunguza hasa mikono uliyotaka awe nayo. Inauma, kwa sababu flashi iliyokosa ndiyo mkono ambao moyo unataka kuchimbia mkwara. Ndio ulioibeba ndoto tangu flopu.

Kwa hiyo katika mfano huu chukua QJ zisizo na shupaza: ziko 9. Ongeza QT za alama moja zisizo na shupaza: 3. Umefika 12, funga daftari. Ukiiuliza kompyuta, mara nyingine itachimba mkwara hata na 6♠5♠ kwa kuwa mkono huo haushindi chochote karata zikifunuliwa, lakini kwa mtu aliye mezani orodha hiyo fupi inatosha. A♠8♠ iache ipitishe, kwa kuwa ree yako bado inaweza kushinda shupaza ndogo zilizokosa.

Kwa nini mkwara ufanywe na mikono mibovu? Mkono wa katikati si una nafasi zaidi?

Una nafasi, na ndiyo sababu usiuharibu. 99 kwenye ubao wenye mfalme na ree ikipitisha, mara nyingine inashinda bure. Ikiweka dau kubwa, mikono mibovu kuliko 99 inatupwa na mizuri kuliko 99 inafuata. Umelipa ili ufukuze wale uliokuwa unawashinda.

Jambo hili si la leo. Mwaka 1944 John von Neumann na Oskar Morgenstern walichambua poka iliyorahisishwa sana, ya watu wawili na dau moja, wakakuta mchezaji bora anaweka dau kwa mikono mizuri kabisa na kwa mibovu kabisa, na anapitisha ya katikati. Mkwara ulitoka kwenye hesabu yenyewe, bila kutaja ujasiri wala uso usiosomeka.

Je, asilimia hizo ni zilezile kwenye flopu na karata ya nne?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapozichanganya. Asilimia 33 ni ya karata ya mwisho. Huko nyuma unaruhusiwa mikwara mingi zaidi, kwa sababu anayefuata kwenye flopu hajanunua haki ya kuona karata zako. Amenunua tu haki ya kuwekewa dau tena.

Chukua mikono yako 24 ya kweli na madau matatu ya poti nzima. Kwenye karata ya mwisho unaweka dau na mikono 36: 24 ya kweli na 12 ya mkwara. Kwenye karata ya nne ulitakiwa uwe na 54: zile 24, pamoja na 30 zisizo na kitu, ambazo 18 kati yake zitakata tamaa kwenye karata ya mwisho. Kwenye flopu, 81: zile 24 na nyingine 57. Kila hatua theluthi mbili ya mikono inaendelea kuweka dau na theluthi moja inaachia.

Hesabu hiyo inadhani mkwara hauwezi kugeuka kuwa mkono mzuri, na mkono mzuri hauwezi kupitwa. Mezani siyo hivyo. QJ kwenye K-9-4 ina karata nne za T za kuikamilishia mfuatano, na shupaza mbili zina shupaza tisa zilizobaki. Kwa hiyo usiichukue 57 kama amri. Chukua umbo lake: flopu ni pana, karata ya nne inachuja, karata ya mwisho ni nyembamba. Kosa ninaloliona sana ni la mtu anayeweka dau la flopu na kila kitu, la pili na kila kitu, halafu kwenye karata ya mwisho anaogopa na kubaki na AK na seti (tatu za namba moja) tu. Mpinzani mwenye subira atafuata mara mbili na kutupa ya tatu mpaka asubuhi.

Nianze na mikwara gani kwenye flopu?

Ile yenye pa kwenda: flashi zinazotafutwa, mfuatano unaokosa karata moja, karata mbili za juu zenye uwezekano wa flashi ikiwa alama hiyo itatoka mara mbili mfululizo. Ukifuatwa, bado una njia. Mkono usio na kitu wala matumaini kwa kawaida hauna haja ya kuingizwa kwenye dau kubwa la flopu.

Kwenye dau dogo sana mambo hulegea. Flopu ya A♦ 7♣ 2♠, wewe ukiwa batani dhidi ya blaindi kubwa, unaweza kuweka theluthi ya poti na karibu mikono yako yote. Ree nzuri ziko kwako kuliko kwake, maana yeye nyingi angezipandisha tena kabla ya flopu, na ubao haumpi cha kutafuta. Flopu ya 8-7-6 ni kesi nyingine kabisa. Pale blaindi kubwa ana jozi mbili na mifuatano ambayo wewe huna kwa wingi huo, na kuweka dau na kila kitu ni kumkaribisha akupandishie.

Na nikipitisha? Huko nako kuna uwiano?

Kupo, na hausemwi vya kutosha. Ukiweka dau na kila mkono mzuri, kupitisha kwako kunakuwa tangazo kwamba huna kitu, na mpinzani mwenye akili ataweka dau kwenye karata ya nne na karata zozote mbili. Acha baadhi ya AK zipitishe kwenye flopu, hasa kwenye ubao usio na hatari. Hata seti moja moja. Si lazima ziwe nyingi.

Nikiwa mimi ndiye ninayewekewa dau, nifuate mara ngapi?

Kanuni ya kuanzia: gawanya poti kwa jumla ya poti na dau. Dau la nusu poti, tetea theluthi mbili ya renji yako. Poti nzima, nusu. Mara mbili ya poti, theluthi moja. Ukitupa zaidi ya hapo kwenye karata ya mwisho, anayekuwekea dau anapata faida na karata zozote mbili alizoshika. Kwenye flopu blaindi kubwa mara nyingi hutupa zaidi kidogo ya kiwango hicho bila kosa, kwa kuwa anacheza wa kwanza na renji yake ni dhaifu.

Lakini ipi ufuate nayo? Rudi kwenye ubao wetu, K♠ 9♠ 4♦ 2♣ 7♥, na sasa kaa upande wa blaindi kubwa ukiwa na KQ, mbele ya dau la poti nzima lenye mikono ileile 24 na 12.

Ukiwa na K♦Q♠, mfalme wako anapunguza mikono yake ya kweli: KK inabaki 1, AK 8, K9 2, pamoja na 99 tatu na 44 tatu. Jumla 17. Mikwara yake yote 12 ipo, maana haina shupaza na malkia wako ni wa shupaza. Ukifuata utapata 200 mara 12 na kupoteza 100 mara 17. Faida tupu.

Ukiwa na K♦Q♥, mikono ya kweli bado ni 17, lakini malkia wako wa kopa amefuta QJ tatu na QT moja. Mikwara imebaki 8. Unapata 200 mara 8, yaani 1,600, na kupoteza 1,700. Hasara ndogo.

KQ ni ileile, ubao ni uleule, dau ni lilelile. Alama ya malkia ndiyo iliyogeuza jibu. Sidai kwamba utahesabu hivi kila mara mezani, lakini ukishaiona mara moja hutaangalia tena karata zako kwa namba peke yake.

Nawezaje kuchimba mkwara "mara moja kati ya tatu" bila kujipendelea?

Binadamu hana bahati nasibu kichwani. Akipoteza mara mbili, mkono wake wa tatu hauko huru. Njia ya kwanza ni kuzipa karata zenyewe kazi hiyo, kama tulivyofanya: QJ bila shupaza ndiyo, yenye shupaza hapana. Ya pili ni mshale wa sekunde wa saa yako. Ukitaka theluthi moja, sekunde 0 hadi 19 unaweka dau, 20 hadi 59 unapitisha. Iangalie bila kujionyesha.

Kompyuta zimeshamaliza mchezo huu?

Kwa sehemu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza programu ya Cepheus, ambayo kwa Hold'em ya watu wawili yenye dau lililowekewa kikomo inacheza karibu sana na ukamilifu. Januari 2017 huko Pittsburgh, Marekani, programu ya Libratus ya Noam Brown na Tuomas Sandholm wa Carnegie Mellon iliwashinda wataalamu wanne katika mikono 120,000 isiyo na kikomo cha dau, na ilisumbua zaidi kwa madau yaliyozidi poti mara kadhaa. Mwaka 2019 ikaja Pluribus, ya meza ya watu sita.

Solva (programu za kukokotoa uchezaji bora) unazoweza kuweka kwenye kompyuta yako zinajibu kulingana na ulichoziingizia: renji hii, ubao huu, ukubwa huu wa dau. Ukiziingizia renji ya uongo zitakupa jibu safi kabisa la swali lisilo lako. Zitumie kutafuta sababu. Kukariri asilimia za flopu 1,755 tofauti kutakuchosha bure.

Meza yangu ni ya watu wanaofuata kila dau. Uwiano unanisaidia nini?

Karibu hausaidii, na usiwe mkaidi. Kwenye meza nyingi za dau dogo, iwe kasino ya Nairobi au Dar es Salaam au sebuleni kwa rafiki, watu wamekuja kucheza, hawajaja kutupa karata. Mkwara wa poti nzima unahitaji mpinzani atupe nusu ya wakati ili urudishe gharama. Akitupa asilimia 40 tu, kila mkwara wa chipu 100 kwenye poti ya 100 unakugharimu 20 kwa wastani. Akitupa asilimia 60, unakuingizia 20.

Kwa hiyo dhidi ya anayefuata kila kitu, punguza mikwara ya karata ya mwisho hadi karibu na sifuri, kisha panua mikono ya kweli: KQ na KJ zinazopitisha dhidi ya mtaalamu sasa ziweke dau, na dau liwe kubwa. Dhidi ya anayetupa kupita kiasi, fanya kinyume. Uwiano ni mahali pa kusimama unapokuwa humjui mtu, au unapomjua kuwa ni mkali kuliko wewe.

Hatari ni kumhukumu mtu kwa mkono mmoja. Kumwona akifuata na jozi ya 4 saa mbili zilizopita hakumfanyi awe mfuataji wa kila dau. Pengine alikusoma.

Kwenye mashindano je?

Hesabu ya chipu ni ileile, ila karibu na zawadi chipu unazopoteza zina uzito kuliko unazopata. Anayefuata analazimika kutupa zaidi, na mwenye rundo kubwa anaweza kuongeza mikwara dhidi ya marundo ya wastani. Mwenye rundo dogo kabisa mwache, hana cha kulinda.

Na tukiwa watatu au wanne kwenye poti?

Punguza mikwara kwa nguvu. Dau la poti nzima dhidi ya mmoja linahitaji atupe mara moja kati ya mbili. Wakiwa wawili na kila mmoja anatupa nusu ya wakati, wote wawili watatupa kwa pamoja robo tu ya mara, na wewe bado unahitaji nusu. Bakiza zile zinazotafuta mkono mkubwa kabisa, kama flashi ya ree, kwa dau dogo. QJ yako isiyo na shupaza kwenye K♠ 9♠ 4♦ ipitishe ukiwa mbele ya watu watatu, uone karata ya nne bure wakikuruhusu.